UZI: Mtaa wa wahamiaji ukigeuka ushuani, anayefungiwa mlango ni nani?

#1, mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Naanza na ukuta. Mashariki mwa London, pale Fournier Street inapokutana na Brick Lane, kuna jengo la matofali ambalo ukipita na haraka zako hutaligeukia mara mbili. Inua macho. Juu kabisa ukutani kuna saa ya jua, mwaka 1743, na maneno mawili ya Kilatini: *Umbra sumus*. Sisi ni kivuli. Waliolijenga ni Waprotestanti wa Kifaransa, Wahugenoti, ambao mfalme wao alifuta mwaka 1685 ile amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu, wakakimbilia Uingereza na ufundi wao wa kufuma hariri. Hilo lilikuwa kanisa lao.

Mwaka 1809 likakodishwa na chama kilichotaka kuwageuza Wayahudi wawe Wakristo. Mwaka 1819 wakaingia Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia himaya ya Urusi, kwa hiyo wale wamisionari wa 1809, kama walikuwa wanatazama kutoka huko waliko, sijui walijisikiaje. Mwaka 1976 likawa msikiti, na waumini wake wakawa Wabengali, wengi wao asili yao Sylhet, Bangladesh. Paa ni lile lile, mlango ni ule ule, na kila baada ya muda wanaingia watu wengine wanaoomba kwa lugha nyingine.

Watu wakieleza habari hii huishia kwenye uzuri wake, kwamba London imekaribisha wote. Mimi nauliza swali la kifundi zaidi: kwa nini ni pale pale kila mara? Jibu halina utamu. Palikuwa nje ya kuta za jiji la zamani, palinuka, palikuwa na kiwanda cha bia, na chumba kilikuwa rahisi. Mtaa wa wahamiaji ni kama stendi ya mabasi. Hakuna anayekaa stendi milele, ila stendi lazima iwepo, na lazima iwe mahali mtu mwenye begi moja anaweza kushuka.

Sasa hoja yangu. Tunapozungumzia mitaa hii kupanda daraja na kugeuka ushuani, tunahesabu waliofukuzwa. Sawa, wahesabiwe. Lakini nadhani hasara kubwa iko kwa mtu ambaye hayumo kwenye hesabu yoyote, yule ambaye angekuja mwaka huu na hakuja kwa sababu hakuna chumba cha kufikia. Huyo hatakuona ukiandamana kwa ajili yake. Hata jina lake hatulijui.

Naendelea chini, msichangie kwanza.

#2, mleta mada

Neno lenyewe. Waingereza wana neno moja la kitaalamu kwa jambo hili, *gentrification*, na aliyelitunga mwaka 1964 ni Ruth Glass, mwanasosholojia aliyekuwa akiitazama London na kuona nyumba za wafanyakazi zikinunuliwa moja moja na watu wa tabaka la kati, hadi sura nzima ya mtaa inabadilika. Alilitoa kwenye neno lao la kale la mabwana wenye ardhi, *gentry*, na ndani yake kuna kejeli. Kinachonifurahisha ni kwamba mama huyu alizaliwa Berlin mwaka 1912, katika familia ya Kiyahudi, naye mwenyewe alikuwa mhamiaji. Mgeni ndiye aliyewapa wenyeji jina la jambo lililokuwa likitendeka mbele ya macho yao.

Miaka 15 baadaye, 1979, Neil Smith akaeleza injini yake, na maelezo yake hadi leo sijaona yaliyoyashinda kwa wepesi. Kila kiwanja kina kodi kinayoingiza sasa na kodi ambayo kingeingiza kama kingetumiwa vizuri zaidi kibiashara. Mtaa ukiachwa uchakae, tofauti ya hizo mbili inapanuka. Ikishapanuka vya kutosha, fedha zinakuja zenyewe, hazihitaji kuitwa. Kwa hiyo uchakavu na upandaji wa daraja ni mambo ya familia moja. Mwenye nyumba aliyekataa kuziba paa mwaka 1975 na mwekezaji aliyekuja 1995 wanashirikiana, hata kama hawajawahi kuonana.

Na nani alikuwa chini ya lile paa linalovuja? Mhamiaji, kwa sababu kwingine hakupokelewa.

Turudi Spitalfields, eneo lile lile la Brick Lane, mwaka 1977, nitaje jambo ambalo huwa linanikaa kichwani. Ndani ya mitaa ile ile makundi mawili yalikuwa yameingia kwenye nyumba tupu bila ruhusa ya wenye mali. Kundi la kwanza ni familia za Kibengali. Kwenye orodha ya nyumba za umma walikuwa wakirukwa, na waliopewa nyumba mbali na wenzao walikuwa wakishambuliwa na wabaguzi, basi wakarudi wakaingia kwenye majengo yaliyoachwa, chini ya chama chao cha kupigania makazi kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla. Kundi la pili ni wapenzi wa majengo ya kale, wasomi, walioingia kwenye nyumba za karne ya 18 za Elder Street ili tingatinga lisizipitie.

Makundi yote mawili yalishinda! Wabengali wakapata nyumba za umma karibu na Brick Lane. Wapenzi wa majengo wakaziokoa nyumba za wafumaji. Na ule ushindi wa pili ukaja kuula wa kwanza polepole, maana nyumba iliyookolewa na kukarabatiwa ikawa lulu. Yale madirisha mapana ya darini yaliyowekwa ili mfumaji apate mwanga wa kufanyia kazi, leo ndiyo dalali anayokuonyesha kwanza. Sisemi wangeacha zibomolewe. Nasema kuhifadhi ukuta na kuhifadhi mtaa ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza ina wafadhili wengi.

Wabengali mahali pale walipalipia kwa damu. Tarehe 4 Mei 1978 kijana fundi wa nguo, Altab Ali, aliuawa na wabaguzi akitoka kazini. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 walitembea nyuma ya jeneza hadi Downing Street. Bustani iliyo karibu na alipouawa ina jina lake tangu 1998. Miaka ya mwanzo ya 2000 hata kata ikaitwa rasmi Spitalfields and Banglatown. Halafu angalia: katikati ya muongo ule migahawa ya kari ya Wabengali Brick Lane ilikuwa 60. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa 23. Hesabu hiyo ni ya taasisi ya Runnymede Trust. Jina likapanda ukutani, watu wakaanza kuondoka.

Sasa karibuni.

#3

Mleta mada umeandika vizuri ila unatulisha huzuni ya bure. Mitaa hubadilika. Wahugenoti waliondoka, hakuna aliyelia. Wayahudi walihama wenyewe wakaenda kwenye viunga vyenye bustani, kwa sababu walipata fedha. Leo Mbengali anahama unaita msiba. Kwani alitakiwa akae pale akipika kari hadi kiyama?

Halafu kuna utafiti. Lance Freeman na mwenzake Frank Braconi walichapisha mwaka 2004 kuhusu New York. Walikuta maskini walioko kwenye mitaa inayopanda daraja hawahami zaidi ya maskini wa mitaa mingine, bali wanahama kidogo zaidi. Usalama umeongezeka, huduma zimesogea, aondoke aende wapi?

#4

#3 umeongea. Na tuseme ukweli, watoto wa wale wenye migahawa ni mawakili na wahasibu siku hizi. Nani anataka kusimama jikoni hadi saa nane usiku?

#5, mleta mada

#3, asante kwa kuuleta utafiti wa Freeman, maana huo ndio unaonifanya niandike uzi huu badala ya kulialia. Naukubali. Mtu aliyeko ndani ya nyumba yenye kodi iliyodhibitiwa atang'ang'ania hata kwa meno, kwa sababu anajua akitoka harudi. Ndiyo maana hahami. Lakini maskini huhama kwa sababu zao za kila siku, kazi, ndoa, kifo, ugomvi na mwenye nyumba. Swali ni akitoka huyo mmoja, kwenye chumba kile anaingia nani? Zamani alikuwa anaingia binamu yake aliyeshuka juzi. Sasa anaingia mwenye mshahara mara tatu ya wake. Baada ya miaka 15 mtaa umegeuka wote, na kwenye takwimu za kufukuzwa huoni kitu. Utafiti umepima waliotoka. Mlango una pande mbili.

Na hilo ndilo linalotofautisha kuondoka kwa Wayahudi na kuondoka kwa Wabengali. Wayahudi walipopata fedha wakahama, chumba kilibaki rahisi, Mbengali akaingia. Msururu uliendelea. Siwalilii Wahugenoti kwa sababu waliacha mlango wazi.

#4, kuhusu watoto kukimbia jiko, kweli kabisa. Na sheria za viza zilipokazwa ikawa vigumu kuleta mpishi kutoka nje. Kwa hiyo si kodi ya pango peke yake. Ila mgahawa ukifungwa kwa sababu mtoto ni wakili, je, fremu ile inaweza kuchukuliwa na Msomali au Mwethiopia aliyefika mwaka jana? Hapo ndipo kodi inajibu.

#6

Naomba nichangie Berlin, nimeishi huko miaka kadhaa.

Kreuzberg ilikuwa mtaa wa mwisho wa dunia. Ukuta ulipojengwa 1961 sehemu yake moja, waliyokuwa wakiiita SO 36 kwa namba ya posta, ilibaki imezungukwa na ukuta pande tatu. Wajerumani wenye uwezo wakahama. Serikali ikawa na mpango wa kubomoa vitalu vizima na kupitisha barabara kubwa, na wenye nyumba, kwa kuwa zingebomolewa, hawakuzikarabati. Wakati huo huo Ujerumani Magharibi ikasaini mkataba na Uturuki tarehe 30 Oktoba 1961 kuleta vibarua. Waturuki wakapangishwa humo, kwenye nyumba zinazosubiri tingatinga, choo kwenye ngazi, makaa ya mawe unabeba mwenyewe hadi ghorofa ya nne.

Mleta mada anasema mlango kufungwa. Sikieni hii: kuanzia 1 Januari 1975 Berlin Magharibi iliweka marufuku rasmi. Mgeni aligongewa mhuri kwamba haruhusiwi kuhamia Kreuzberg, Wedding wala Tiergarten, eti wamekuwa wengi mno. Mhuri ulishindwa, watu waliingia vilevile kwa ndugu zao, wakijibana.

Ukuta ulipoanguka 1989, pembe ya dunia ikageuka katikati ya jiji kuu ndani ya usiku mmoja. Jengo halijasogea hata sentimita. Kilichosogea ni ramani. Na kile ambacho mhuri haukuweza, mkataba wa kupanga umekiweza.

#7, mleta mada

#6, wewe ndiye ulipaswa kuanzisha uzi. Kuhusu mhuri nilisoma zamani nikasahau kabisa kuutumia. Endelea mkuu, tupo.

#8, (#6 tena)

Niongeze moja tu. Mei 2012 wapangaji wa majengo ya ruzuku pale Kottbusser Tor, wengi wao familia zenye asili ya Kituruki, walichoka na kodi kupanda. Ni majengo ya ruzuku, kumbukeni, yaliyojengwa ili yawe rahisi. Ruzuku zikaanza kuisha, kodi ikapanda. Wakajenga kibanda cha mbao pale pale uwanjani, wakakaa humo kwa zamu usiku na mchana. Kibanda wakakiita *gecekondu*. Kwa Kituruki ni nyumba iliyosimamishwa usiku mmoja, zile za pembezoni mwa Istanbul na Ankara ambazo watu wa vijijini walijenga gizani ili kukikucha ziwe zimeshasimama na iwe taabu kuzibomoa. Akina mama waliotoka kwenye nyumba za namna hiyo wakiwa watoto, wakaijenga tena katikati ya Berlin wakiwa na wajukuu. Walikuwa na chai, meza, na majedwali ya kodi waliyoyachambua wenyewe hadi maofisa wakawa wanakuja kuuliza.

Jiji lilijaribu kuzuia kodi kupanda kwa sheria mwaka 2020, mahakama ya katiba ikaifuta Aprili 2021. Septemba mwaka huo wakazi wakapiga kura ya maoni kwamba makampuni makubwa ya nyumba yanyang'anywe mali kwa fidia, na zaidi ya asilimia 57 wakasema ndiyo. Kisheria kura ile haikulilazimisha jiji kufanya lolote. Na mzee wa Kituruki aliyekaa pale miaka 40 bila kuchukua uraia hakuruhusiwa kupiga kura.

#9

Mimi natetea upande wa mwenye mali. Wahamiaji wengine ndio wenye majengo. Mtu amenunua jengo la hovyo miaka ya 70 kwa jasho la usiku na mchana, leo linauzwa kwa mamilioni, nyie mnataka akatae kuuza kwa ajili ya utamaduni? Utamaduni haulipi matibabu yake.

#10, mleta mada

#9 sina jibu la kukukata, na sitaki kujifanya ninalo. Huyo auze. Kwake yeye mtaa umefanya kazi yake hadi mwisho. Ninachosema ni kwamba ukiutegemea mtaa kwa hiari ya mmoja mmoja, utauzwa wote, jengo kwa jengo, na kila muuzaji akiwa na haki. Panapobaki kitu ni pale ambapo mwenye jengo si mtu mmoja. Nitafika huko, niko njiani kwenda Marekani.

Washington kwanza, kwa sababu ndiko kichekesho kilipo. Chinatown ya Washington ilishahamishwa mara moja miaka ya 1930, pale serikali ilipotaka viwanja vyake kwa ajili ya maofisi, ikajipanga upya H Street. Mwaka 1986 ikasimamishwa geti kubwa la urafiki na Beijing, la dhahabu na mazimwi. Mwaka 1997 ukafunguliwa uwanja mkubwa wa mpira wa kikapu na magongo hatua chache kutoka hapo. Wachina waliokuwa kama 3,000 wakati mtaa umejaa, wamebaki kama 300, wengi wao wazee wanaoishi kwenye jengo moja la ruzuku.

Sasa kichekesho. Taratibu za jiji kwa eneo hilo zinataka maduka yaweke maandishi ya Kichina kwenye vibao vyao. Kwa hiyo unakuta mkahawa wa kampuni ya kimataifa, duka la nguo la kampuni, baa ya kampuni, vyote vina jina kwa herufi za Kichina zilizochongwa vizuri. Na bibi anayeweza kuzisoma, ili anunue mboga za kwao, amepanda basi kwenda Virginia. Vibao vimebaki vinasemeshana vyenyewe.

#11

😂😂 "vinasemeshana vyenyewe". Nimecheka kisha nikanyamaza.

#12

Hapo mleta mada umenigusa. Chicago kuna Pilsen, jina la mji wa Wacheki kwa sababu wao ndio walioanza. Kisha wakaja Wameksiko, wengi wao baada ya mtaa wao wa karibu kubomolewa kupisha chuo kikuu miaka ya 60. Kulikuwa na nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa kwa ajili ya Wacheki, Wameksiko wakairithi wakaiita Casa Aztlán wakaijaza michoro ukutani. Huduma zilifungwa, jengo likauzwa, na mwaka 2017 michoro ikapakwa rangi ikafutika. Kelele zikawa kubwa hadi mmiliki mpya akamwita mchoraji wa zamani, Ray Patlán, achore upya. Kwa hiyo sasa michoro ipo. Ndani ni nyumba za kupangisha. Kati ya 2000 na 2010 peke yake mtaa ulipoteza Walatino zaidi ya 10,000.

#13, mleta mada

#12 umeleta mfano bora kuliko wa kwangu wa vibao. Mchoro umerudi, mchorwaji hakurudi.

Basi nifike San Francisco, nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Pembeni mwa Chinatown, Kearny Street, kulikuwa na mtaa mdogo wa Wafilipino, Manilatown. Wakazi wake walikuwa wanaume wazee, vibarua wa mashamba na mabaharia, wengi hawakuoa maana sheria za enzi yao ziliwazuia kuoa wazungu na wanawake wa kwao walikuwa wachache. Waliishi kwenye vyumba vya mtu mmoja mmoja vya International Hotel. Eneo la mabenki lilikuwa linatanuka kuelekea kwao, na mwaka 1968 wakapewa notisi jengo libomolewe kupisha maegesho ya magari. Wazee wakakataa. Wanafunzi wakaungana nao. Wakapigana mahakamani na barabarani karibu miaka tisa. Sherifu wa jiji, Richard Hongisto, kwanza aligoma kutekeleza amri, akafungwa siku tano kwa kuidharau mahakama. Alipotoka, akatekeleza. Usiku wa manane wa kuamkia 4 Agosti 1977 polisi kama 400 walipasua ukuta wa watu wapatao 3,000 walioshikana mikono kulizunguka jengo, na sherifu mwenyewe akaonekana na nyundo kubwa akivunja milango ya vyumba. Wazee wakatolewa mmoja mmoja.

Kisha jengo likabomolewa, na hapakujengwa kitu. Shimo likakaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2005 ndipo likafunguliwa jengo jipya, zaidi ya nyumba 100 za wazee wa kipato cha chini, likapewa jina lile lile.

Manilatown haikurudi. Ila jirani yake Chinatown alikuwa anatazama. Wachina wa San Francisco walikuwa na kitu ambacho Wafilipino hawakuwa nacho: vyama vya koo na vya wilaya walizotoka, na vyama hivyo vilikuwa vimenunua majengo kwa jina la chama. Jengo la ukoo haliuzwi kirahisi, kila mzee ana kauli, kikao hakiishi. Ule mlolongo wa vikao tunaoulalamikia sote, pale ndio umeokoa mtaa. Mwaka 1986 wakafanikisha mpango wa matumizi ya ardhi uliozuia maofisi marefu kumeza eneo, na jiji lilikuwa limeshabana ugeuzaji wa vyumba vile vya bei rahisi kuwa hoteli za watalii. Matokeo ni kwamba Chinatown ile, hatua chache kutoka kwenye baadhi ya ardhi ghali kuliko zote Marekani, bado inapokea mtu aliyeshuka kwenye ndege hajui Kiingereza. Mlango uko wazi.

#14

Mkuu unasifia vyumba vile unavijua? Vingi ni futi 8 kwa 10. Choo na jiko ni vya wote, mwisho wa korido. Na si mzee mmoja tu, kuna familia, baba mama na watoto wawili, kitanda cha ghorofa, nguo zinaanikwa dirishani, mtoto anafanya masomo ya nyumbani juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hicho ndicho unataka kihifadhiwe? Wewe ungelala humo?

#15, mleta mada

#14, hapana, nisingependa kulala humo. Nimeukalia ujumbe wako nusu saa kabla ya kujibu.

Nadhani nilikosea nilipoandika kama vile wepesi wa kodi ndio thamani yenyewe. Thamani ni kwamba familia ile, mama akishajua lugha na baba akishapata kazi ya pili, inatoka, na inatoka ikielekea juu. Chumba cha futi 8 kwa 10 ni cha kupitia. Kikigeuka cha kuzeekea, ni jela. Na watoto wengi wa vyumba vile wametoka. Lakini sikatai, kuna waliokwama humo miaka 20 kwa sababu nje ya pale jiji zima limekuwa ghali, hakuna ngazi ya pili ya kupanda. Hapo ushuani umewafungia kwa ndani.

Kwa hiyo narekebisha kauli. Stendi isiyo na basi la kuondoka nayo ni tatizo. Asante kwa kunibana.

#16

Suluhisho basi wakuu, tusizunguke.

#17, mleta mada

Sina dawa, nina mifano miwili mitatu. Boston, mwaka 2015, watu wa Chinatown walianzisha kitu ambacho sisi tungekiita wakfu: ardhi inamilikiwa na jumuiya, haiuzwi tena sokoni, nyumba iliyo juu yake inakaliwa kwa masharti ya bei. Wananunua zile nyumba kongwe za matofali moja moja. Ni polepole mno, jengo hapa jengo pale, huku soko likinunua mtaa kwa mkupuo.

Washington wana sheria ya tangu 1980 kwamba mwenye jengo akitaka kuuza, wapangaji wapewe nafasi ya kwanza kununua. Ilisaidia kwingi. Lakini mwaka 2014 wapangaji wa jengo moja kubwa pale Chinatown walipewa "nafasi" hiyo kwa dola milioni 250. Haki ipo, bei ndiyo imefunga mlango. Walienda mahakamani kupinga kwamba hiyo si ofa ya kweli.

Philadelphia wameshinda juzi, kwa namna ya ajabu. Timu ya mpira wa kikapu ilitangaza 2022 kwamba itajenga uwanja mpya ukingoni mwa Chinatown. Mtaa ule ulishakatwa kipande na barabara kuu na ulishazuia uwanja wa besiboli mwaka 2000, kwa hiyo wanajua kupigana. Wakaandamana, wakahudhuria vikao hadi usiku. Desemba 2024 halmashauri ikaupitisha uwanja. Januari 2025 timu yenyewe ikabadili mawazo, ikabaki ilipo. Watu walishindwa kwenye kura wakashinda kwa kuachwa.

#18

Swali la mwisho kabla sijalala. Lile jengo la saa ya jua, Wabengali nao wakiisha pale, litakuwa nini?

#19, mleta mada

Bado ni msikiti na Ijumaa linajaa, kwa hiyo tusiwazike watu wazima.

Ila ukitaka kuona jibu moja linalowezekana, usiende mbali. Mtaa wa pili kutoka hapo, Princelet Street namba 19, kuna nyumba ya mwaka 1719. Aliishi Mhugenoti. Mwaka 1869 Wayahudi wakajenga sinagogi dogo kwenye bustani yake ya nyuma, lenye kioo cha rangi darini. Baadaye ikafanywa makumbusho ya uhamiaji. Sakafu na ngazi zimechoka kiasi kwamba haziwezi kubeba watu wengi, basi kwa miaka mingi mlango wake umekuwa ukifunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Siku hizo foleni inazunguka kona.